Dakta Bernhard Grzimek na Maji ya Rubondo

Wasomaji wa gazeti letu, yaani wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi, bila shaka mmekwisha kusikia habari za Serengeti. Lakini nadhani si wengi wanaojua ya kuwa mtu yule yule aliyeitangaza Serengeti katika dunia nzima ndiye aliyewaleta sokwe katika kisiwa cha Rubondo, ambacho kimo katika mkoa wetu huu wa Geita. Jina lake ni Dakta Bernhard Grzimek. Alikufa zamani, kabla sisi wanafunzi hatujazaliwa, na wazazi wetu wengi walikuwa wangali watoto.

Nimependa kuandika habari zake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maisha yake ni mfano wa mtu aliyefanya kazi kwa bidii hata baada ya kupatwa na msiba mkubwa. Ya pili ni kwamba sisi tunaokaa karibu na Ziwa Viktoria tuna swali moja gumu, na maisha yake yaweza kutusaidia kulijibu. Swali lenyewe ni hili: je, yafaa kufunga sehemu ya maji watu wasivue humo, hali watu wanahitaji samaki na fedha?

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili, 1909, katika mji wa Neisse. Siku zile mji huo ulikuwa katika nchi ya Ujerumani, lakini sasa umo katika nchi ya Polandi, nao huitwa Nysa. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye alifariki Bernhard akiwa bado mtoto mdogo. Kijana huyu alipenda wanyama, basi alipomaliza shule akaenda kusomea uganga wa wanyama katika miji ya Leipzig na Berlin. Mwaka wa 1933 akapata shahada ya udaktari. Labda mtacheka mkisikia kwamba mtu huyu, aliyejulikana baadaye kwa habari za tembo na nyumbu, aliandika insha yake ya udaktari juu ya mishipa ya damu ya kuku. Lakini ndivyo elimu ilivyo: mtu huanza na kilicho karibu, akajifunza kuangalia vizuri, kisha huenda mbali.

Baada ya masomo alifanya kazi serikalini, katika Wizara ya Chakula, akishughulika na mambo ya mifugo. Miaka ile Ujerumani ilikuwa chini ya utawala wa Hitler. Vita vilipokwisha, Dakta Grzimek alihojiwa juu ya uhusiano wake na chama cha Hitler, akasimamishwa kazi kwa muda, kisha akarudishwa. Nayataja haya kwa sababu habari za maisha ya mtu hazifai kuandikwa kwa kuchagua mema peke yake.

Mwaka wa 1945 alipewa kazi ya kuongoza bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Ilikuwa bustani kwa jina tu. Mabomu yalikuwa yamebomoa majumba yake, na wanyama waliobaki hai walikuwa wachache sana. Watu wa mji wenyewe walikuwa na njaa, basi nani angefikiri habari ya kulisha viboko? Lakini Dakta Grzimek hakukata tamaa. Alifanya michezo na maonyesho ili kupata fedha, akajenga upya kidogo kidogo, hata bustani ile ikawa mojawapo ya zile zinazosifiwa katika Ulaya. Aliiongoza kwa muda wa miaka 29, mpaka mwaka wa 1974.

Katika miaka ya 1950 alianza kusafiri Afrika, pamoja na mtoto wake Michael, aliyezaliwa mwaka wa 1934. Walifika Kongo wakaona jinsi wanyama walivyokuwa wakipungua, wakatengeneza sinema juu ya habari hiyo, iliyotolewa mwaka wa 1956. Sinema ile iliwapatia fedha nyingi. Wangeweza kuzitumia kwa anasa, lakini walifanya shauri la kuzitoa ili kununua ardhi kwa ajili ya wanyama wa Serengeti. Mkuu wa hifadhi za Tanganyika wa wakati ule akawaambia kwamba msaada unaohitajiwa zaidi si ardhi bali ni maarifa. Serikali ya kikoloni ilikuwa karibu kubadili mipaka ya Serengeti, na hapana mtu aliyejua idadi ya wanyama waliomo wala njia wanazopita.

Basi baba na mtoto wakajifunza kurusha eropleni. Wakanunua ndogo moja, wakaipaka milia kama ya punda milia, wakairusha wenyewe kutoka Ujerumani mpaka Serengeti. Mwaka wa 1958 wakahesabu wanyama kutoka angani. Walikuwa wakipita chini chini kwa mistari iliyonyoka, mstari baada ya mstari, wakihesabu kila kundi. Walipata jumla ya wanyama zaidi ya 366,000, na kati yao nyumbu walikuwa karibu 100,000. Tena waliwatia wanyama wengine alama ili waone wanakwenda wapi. Wakagundua kwamba makundi ya nyumbu yalipita mbali nje ya mipaka iliyokuwa ikikusudiwa. Mnyama hajui mpaka uliochorwa katika ramani. Yeye hufuata majani na mvua.

Kazi ilikuwa karibu kwisha ulipotokea msiba. Tarehe 10 Januari, 1959, Michael alikuwa akirusha ile eropleni peke yake. Ndege mkubwa aina ya tumbusi akagonga bawa, eropleni ikaanguka, naye Michael akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro.

Mtu mwingine angerudi kwao asionekane tena Afrika. Dakta Grzimek alirudi kwao kumaliza kazi waliyoianza pamoja. Mwaka ule ule wa 1959 alitoa kitabu na sinema, ambavyo jina lake lina maana kwamba Serengeti isife. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na sinema ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani mwaka wa 1960. Hata hivyo hesabu yao haikuzuia mipaka kubadilishwa. Mwaka wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, ingawa upande wa kaskazini sehemu nyingine iliongezwa.

Je, kazi yao ilipotea bure? Hasha. Kwanza, hesabu ile ilikuwa msingi wa hesabu nyingine zilizofuata. Katika miaka ya 1960 ugonjwa wa sotoka, uliokuwa ukiwaua nyumbu pamoja na ng'ombe, ulitoweka katika Serengeti kwa sababu ng'ombe wa jirani walichanjwa. Nyumbu wakaanza kuongezeka. Nafasi yao ilikuwa imehifadhiwa, hivyo walikuwa na mahali pa kuongezekea, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha walikuwa wamepita milioni moja. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana nitalirudia nikifika kwenye habari za samaki. Viumbe waliopungua waweza kurudi, mradi wapewe mahali pa salama na muda wa kutosha.

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka wa 1961, Dakta Grzimek hakuiacha. Aliendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya hifadhi zetu kwa njia ya chama cha elimu ya wanyama cha Frankfurt. Alikuwa na kipindi chake cha televisheni huko Ujerumani, kilichoanza mwaka wa 1956 na kuendelea kwa miaka 30 hivi, naye alizoea kuingia mbele ya watazamaji pamoja na mnyama. Katika kipindi hicho alipata kuwatangazia watu kwamba safari za kwenda kutazama wanyama Afrika ya Mashariki zapatikana, hali hazikuwapo bado. Watu wakamiminika kuziuliza, hata makampuni ya safari yakalazimika kuzianzisha. Ulikuwa ujanja, lakini ulileta watalii, na watalii walileta fedha nchini.

Sasa nafika nyumbani. Rubondo ni kisiwa kikubwa chenye msitu mnene, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Viktoria. Wazinza walikuwa wakiishi na kuvua huko. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilikifanya kisiwa kuwa pori la akiba, na watu wakahamishiwa visiwa vingine na nchi kavu. Dakta Grzimek alikiona kuwa mahali panapofaa sana kwa wanyama walio hatarini. Humo hamna simba wala chui, chakula ni kingi, na maji yamezunguka pande zote kama boma.

Baina ya mwaka wa 1966 na 1969 sokwe 17 walifunguliwa kisiwani. Walikuwa wamekamatwa wadogo huko Afrika Magharibi, wakakaa katika bustani za Ulaya. Waliletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha wakasafirishwa mpaka ziwani. Wataalamu wengi walikuwa na shaka. Wanyama hawa walikuwa wamezoea vyumba vya chuma na chakula cha kuletewa. Wangejuaje kutafuta matunda msituni au kujenga vitanda vya matawi juu ya miti? Ni kweli taabu ilitokea, maana madume wawili waliokuwa wakiwashambulia watu walipigwa risasi. Lakini wale wengine walijifunza, na baada ya muda mfupi wakazaa. Leo sokwe wa Rubondo ni makumi kadhaa, na karibu wote wamezaliwa papo hapo.

Wanyama wengine walioletwa kisiwani ni twiga, tembo, mbega na vifaru weusi. Vifaru hawakudumu, kwani majangili waliwaua. Hivyo twaona ya kuwa kuzungukwa na maji peke yake si ulinzi. Ulinzi ni watu.

Mwaka wa 1977 Rubondo ilifanywa hifadhi ya taifa. Ukubwa wake ni karibu kilometa za mraba 457, na jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba karibu nusu ya eneo hilo si nchi kavu, bali ni maji. Sheria inayokataza kukata miti na kuwinda ndani ya hifadhi yakataza pia kuvua samaki katika maji hayo. Dakta Grzimek alikuja kwa ajili ya sokwe, wala hakuja kwa ajili ya sato. Lakini mpaka uliowekwa kwa ajili ya msitu uliwafunika na samaki.

Dakta Grzimek alifariki tarehe 13 Machi, 1987, huko Frankfurt, akiwa amekwenda na watoto kutazama michezo ya chui milia katika sarakasi. Alikuwa na umri wa miaka 77. Majivu ya mwili wake yaliletwa Tanzania, yakazikwa kando ya mtoto wake Michael, juu ya Ngorongoro. Wasafiri waendao Serengeti hupita penye kaburi lao.

Baada ya kueleza maisha yake, narudi kwenye swali nililoliweka mwanzo. Mjomba wangu ni mvuvi. Hutoka jioni kwa mtumbwi wa injini na kurudi alfajiri, na ada yangu ya shule ya msingi na sare zangu zilitoka katika samaki wake. Likizo iliyopita nilimsaidia kutengeneza nyavu pale mwaloni, naye akanieleza kwamba alipoanza kazi hii walikuwa hawaendi mbali. Siku hizi huenda mbali, huchoma petroli nyingi, na mara nyingine samaki hawatoshi kulipa hata hayo mafuta. Akaniuliza kwa nini maji yaliyo karibu, yenye samaki, yafungwe, na yeye apite pembeni akiyatazama tu. Siku ile sikuwa na jibu, nami nikaona haya, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Sato hutaga karibu na ukingo, kwenye maji ya kina kidogo. Dume huchimba shimo mchangani, na jike akisha kutaga huyachukua mayai mdomoni mwake mpaka yaanguliwe. Kokoro likikokotwa mahali hapo hubomoa mashimo, huzoa mama na watoto pamoja, na msimu mmoja wa uzazi huwa umekwisha kwa saa moja. Tena samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko mdogo. Kwa hiyo tukiwamaliza wakubwa kila mahali, hata wadogo watapungua. Lakini yakiwapo maji ambayo kokoro haliingii, wakubwa watakuwako na watazaa. Watoto wao wakikua hawatakaa ndani ya mpaka. Watatoka, kama nyumbu wa Serengeti walivyotoka, na watafika kwenye nyavu za mjomba wangu.

Wazee wetu wakulima walilijua jambo hili kabla ya wataalamu. Hata mwaka wa njaa, mkulima wa kweli hali mbegu. Huifunga juu ya dari, na watoto wakilia hutafuta njia nyingine. Akiba haiozi. Maji ya Rubondo ni mbegu ya ziwa.

Nasi watu wa Geita tuna mfano mwingine chini ya miguu yetu. Dhahabu ikichimbwa haizai. Hata ukifunga shimo kwa miaka 100, ukirudi utakuta kile kile ulichokiacha. Samaki si hivyo. Ukimpa nafasi huongezeka bila kupandwa wala kumwagiliwa. Basi ingekuwa aibu kuchimba samaki kama tunavyochimba dhahabu, mpaka mwisho, kisha tuhamie pengine.

Wala jambo hili si la ziwa peke yake. Huko pwani, watu waliokuwa wakivua kwa baruti walivunja miamba ya matumbawe, ambayo ni nyumba na mazalio ya samaki wa bahari, na mwamba uliovunjwa huchukua miaka mingi kukua tena. Kwa sababu hiyo Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za bahari mwaka wa 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa na hifadhi ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yetu. Zanzibar nayo iliufunga mwamba wa Chumbe mwaka wa 1994. Kanuni ni ile ile iliyofuatwa Rubondo: sehemu moja hupumzishwa ili sehemu nyingine ipate.

Lakini sitaki kumaliza kana kwamba jibu ni rahisi. Dakta Grzimek alipenda wanyama mno, na wako wanaosema kwamba hakuwafikiria vya kutosha watu waliohamishwa. Wamasai waliitoka Serengeti, na Wazinza waliitoka Rubondo. Faida ya maji yaliyofungwa huja polepole na huenea kwa watu wengi, lakini hasara yake humpata leo mvuvi wa jirani, naye ni mtu mwenye watoto. Nionavyo mimi, mvuvi huyo ndiye anayestahili kuelezwa kwanza sababu ya mpaka, na ndiye anayestahili kupata faida ya kwanza ya watalii na ya samaki. Mpaka unaolindwa kwa bunduki peke yake ni kama ule wa vifaru, majangili waliuvuka. Mpaka unaoeleweka hulindwa na jirani mwenyewe.

Tena Dakta Grzimek alianza kwa kuhesabu. Hakupiga kelele kwanza. Alipanda angani akahesabu, na hesabu ile ilimgharimu mtoto wake. Sisi tunaosoma bayolojia na hesabu katika shule hii tusidhani ya kuwa masomo hayo ni ya mtihani tu. Ziwa hili linahitaji watu wa kuhesabu samaki wake kila mwaka, na wakitoka katika vijiji vya wavuvi itakuwa vizuri zaidi, maana watasema na wavuvi kwa lugha yao.

Kwa sasa liko jambo moja ambalo kila mmoja wetu aweza kulifanya. Sheria yakataza kuvua sangara asiyefika sentimeta 50. Tukitumwa sokoni, tusimnunue sangara mchanga hata kama bei yake ni nafuu, kwa sababu asiponunuliwa hatavuliwa. Wazazi wanaosoma gazeti hili nawaomba radhi ikiwa nimesema kama mtu anayewafundisha wakubwa zake. Mimi ni mtoto wa mvuvi kwa upande wa mjomba, nami ningependa wadogo zangu wavae sare zilizotoka katika ziwa lile lile.

Nikirudi likizo ijayo nitamweleza mjomba habari za Dakta Grzimek na za yale mashimo ya sato. Sijui kama atakubali. Lakini safari hii sitanyamaza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne